Amina Kabla ya Mwisho

Jirani yangu Burulkan, ambaye namwita apa kama tunavyowaita mama wote wa rika lake, amekaanga boorsok, mikate midogo ya mafuta, za shule ya mji wetu, huku Naryn milimani, kwa miaka ishirini na sita. Ana mikono mikubwa na maneno machache. Mwaka juzi alikuja mwongoza filamu kutoka mji mkuu, Bishkek, kijana aitwaye Melis, anatafuta bibi wa kuigiza. Akamkuta apa anamfokea mpishi mwenzake kwa kumwaga unga, akasema, "Huyo huyo!"

Mumewe, mzee Toktosun, hajawahi kumsifu kwa lolote. Chakula kikiwa kitamu sana husema kina chumvi ya kutosha. Aliposikia kwamba mkewe analia kwenye filamu, alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Wewe? Hata vitunguu vinakuogopa. Nitaamini nikiona."

"Utaona," apa akasema, na kwa mwaka mzima na zaidi hakungoja kingine.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi mchana katika ukumbi wetu wa utamaduni. Tuliketi na makoti yetu. Melis akatuambia kuwa ni habari za msichana aliyevurugwa na dunia.

"Ya muda gani?" mzee Toktosun akauliza.

"Masaa matatu na robo, mzee. Sanaa haina saa."

"Ng'ombe wana saa, mwanangu."

Nisimnyime haki yake: msichana yule aliigiza vizuri. Mama yake kaenda kutafuta kazi Urusi, kamwachia bibi. Anatoroka shule, anavunja kioo, anatukana, na kila akikasirika shingo inamwiva nyekundu kabisa. Mpaka hapo tulikuwa naye. Kisha akasimama dirishani. Nilimnyonyesha binti yangu Saikal titi la kulia, nikamhamishia la kushoto, nikambadilisha nepi, bado kasimama. Theluji ikaanza, ikakoma.

"Anamngoja nani?" mama mmoja nyuma yangu akanong'ona.

"Anangoja iishe, kama sisi," mwenzake akamjibu.

Hatimaye akatokea bibi, apa wetu, kakaa kwenye chakula na wageni. Tukapiga makofi. Wageni walipomaliza kula, apa akakunjua viganja: "Njia yenu iwe nyeupe, mlango wenu usifungwe. Amina."

Hatukufikiri. Ukumbi mzima tukapitisha viganja usoni. Na kwetu, uso ukishapanguswa, hakuna anayebaki: chakula kimefungwa, unainuka, unaondoka. Watu mia mbili wakainuka wakaelekea nje, mzee Toktosun akiwa wa kwanza, taratibu na kwa heshima zote.

Melis akakimbilia mlangoni. "Jamani, bado saa nzima!"

"Tumeshaitikia amina, baba. Nani anarudi kukaa baada ya amina? Unatutakia uchuro?" mama mmoja akamjibu.

Apa alibaki kiti cha mbele. Na mimi nilibaki kando yake, kwa sababu Saikal alikuwa amelala kifuani. Apa akaniinamia.

"Kulia kwangu bado," akaninong'oneza. "Mzee anaondoka kabla sijalia."

Nikanyoosha mkono nimshike, lakini alishainuka na mfuko mkubwa wa boorsok alioleta kwa ajili ya chai ya baadaye. Akapita pembeni, akauziba mlango kama anavyouziba mlango wa jikoni shuleni.

"Onjeni."

"Apa, tumeshashiba..."

"Mkate unakataliwa?"

Mkate haukataliwi. Kila mtu akachukua mmoja, akatafuna.

"Mmeonja? Basi hiki ni chakula kipya. Kimefunguliwa, hakijaombewa dua. Rudini mkae."

"Mwanamke huyu angekuwa hakimu," mzee Toktosun akasema, mdomo umejaa. "Zina chumvi ya kutosha."

Kubishana, kugawa, kutafuta viti: ilikuwa robo saa, na filamu haikutungoja. Tukatazama mbele. Msichana alikuwa amerudi dirishani. Hakuna aliyeuliza kilichompita.

Alisimama hapo karibu dakika arobaini, kisha bibi akaingia, akaokota kiatu cha mjukuu, akakaa chini, akaanza kukifuta tope kwa ncha ya kitambaa chake. Machozi yakamdondokea ndani ya kiatu, akayafuta nayo, kama tope tu. Msichana akatoka dirishani, akaketi kando yake, akanyoosha mguu avishwe. Dakika mbili basi. Nadhani Melis alisahau kuzirefusha.

Taa zikawaka. Melis akasimama kungoja makofi. Hakuna aliyesogea, chakula kilikuwa bado wazi. Macho yote yakamgeukia mzee Toktosun, maana ndiye mkubwa wetu na dua ni yake.

Alimtazama mkewe muda mrefu, karibu sawa na msichana na dirisha lake. Akakunjua viganja.

"Mke wangu aigize tena," akasema. "Filamu fupi. Amina."

Tukajipangusa nyuso, tukainuka. Apa hakuinuka. Viganja vyake vilibaki usoni muda mrefu kuliko dua yenyewe.