Ghorofa la Kijani la Katesh

Marieta wa kijiji cha Gitting hakujenga ghorofa pale Katesh kwa bahati. Biashara ilipokuwa huria, aliuza vitunguu swaumu hadi wanunuzi wa Nairobi wakamjua kwa jina. Manyara ilipofanywa mkoa, akasema sasa ofisi zitakuja tu. Orofa ya juu akaifanya ukumbi mmoja, wenye madirisha mapana yanayotazama Mlima Hanang. Lakini ukumbi ulikaa mtupu, na Gervasi, kaka wa marehemu mumewe, akaanza kuugawa kwa macho.

"Shemeji, ofisi za kifahari ni za Arusha," alisema. "Mvua zikianza hujapata mpangaji, tunaweka vitanda, iwe gesti. Ukoo umeshakubaliana."

Marieta alitamani kumrushia kikombe. Jengo lile lilikuwa jasho lake, si la ukoo.

Ndipo shirika moja la Arusha likapiga simu: wanautaka ukumbi wote, mradi jengo liwe la kijani na liwe na cheti. Kijani tu? Wiki hiyohiyo mafundi walilipaka rangi ya kijani juu mpaka chini, na mji mzima ukaamini chama tawala, chenye bendera ya kijani, kimefungua ofisi mpya. Wazee wawili waliingia kuulizia kadi za uanachama.

Mkaguzi wa cheti hicho, binti aitwaye Judica, alisimama barabarani akajishika kiuno.

"Shikamoo mama. Nani amekuambia upake rangi?"

"Marahaba. Si mlisema kijani?"

Judica alicheka, na Marieta naye akacheka, ingawa uso ulimwaka kwa aibu. Akaelezwa kwamba jengo la kijani ni jengo lisilofuja maji wala umeme. Kuuliza si ujinga, basi akauliza kila kitu. Kuta nene za matofali ya udongo zilipita, madirisha yakapita. Ila maji ya mvua kutoka kwenye paa la bati yalipotelea mtaroni, na maji machafu yalikwenda kwa jirani. Marieta akauza ng'ombe wake wa maziwa, akajenga tangi na shimo, akawasimamia mafundi mpaka Judica aliporudi, akakagua, akaridhika.

Cheti kilifika mawingu ya mvua yakiwa yameshakaa mlimani. Marieta alikitundika mlangoni akaringa mtaa mzima, na aliyenuna shauri yake.

Siku ya mkataba, meneja wa shirika alimpa Gervasi mkono kwanza, akamvutia kiti cha mbele. Gervasi akakikalia, amevaa koti lake jipya.

"Shemeji, inuka," Marieta alisema. "Hapo anakaa mwenye jengo."

Gervasi aliinuka. Marieta akakaa, akaomba kalamu.