Kiti cha Ruppert kwenye Meza ya Alhamisi

Ruppert Zellhuber, fundi viatu wa mtaani kwetu hapa Munich, alitamani kitu kimoja tu maishani, nacho ni kiti kwenye meza ya Alhamisi katika ukumbi wetu wa bia. Mkewe alipomkimbia hakutafuta mwingine. Alichotaka ni kukaa na wale wazee wanne chini ya pembe za kulungu zilizotundikwa ukutani, awe na kikombe chake cha udongo ndani ya kabati la chuma, na ufunguo wake shingoni.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwahudumia, kwa hiyo najua alivyoteseka. Kiti cha meza ile hakinunuliwi wala hakiombwi. Hupatikana mtu akifa. Ruppert alikuwa akikaa meza ya jirani, ile tunayowapa watalii, anakata figili yake nyembamba kama karatasi na kuinyunyizia chumvi, macho kodo kwa wale wazee. Mmoja wao akikohoa, Ruppert aliinua kichwa. Halafu aliona haya, maana hakuwa mtu mbaya.

Kanuni yao ni kwamba asiyekuja Alhamisi na hakutuma salamu, huyo amekufa. Kwani ni kitu gani kingine kingemzuia? Wala hapigiwi simu, kwa sababu kumpigia simu marehemu ni kumkosea adabu.

Alhamisi moja Quirin hakutokea. Huyu alikuwa dereva wa tramu kabla ya kustaafu, na ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote. Vitus, mkuu wa meza, alingoja mpaka soseji zikapoa, akasimama na kutamka maneno yao: "Kakaa vizuri, kanywa vizuri, aende vizuri." Wakanywa, wakapindua kikombe cha Quirin kifudifudi. Vitus alilia kweli kweli. Alipomaliza kufuta masharubu akamwita Ruppert na kumvisha ufunguo. Ruppert aligonga meza kwa vifundo vya vidole, kama wanavyosalimiana wenyewe, nao wakamjibu kwa kugonga. Nikamletea kikombe chake.

Wiki iliyofuata Quirin akaingia, pua imebabuka kwa jua.

Kumbe dada yake alikuja kutoka kaskazini, akamburuta kwenda kutembea. Mtu ambaye hajawahi kuvuka kituo cha mwisho cha tramu akapelekwa ziwani, akapelekwa kwenye kasri la mfalme, akamalizia kilimani kwa watawa wanaopika bia. Huko alionja, akaonja tena, akalala kwenye nyasi, basi likamwacha.

Aligonga meza. Hakuna aliyejibu.

"Quirin," Vitus alisema kwa upole, "wewe ni marehemu."

"Marehemu gani? Si huyu nimesimama hapa?"

"Tunakuona, mzee mwenzangu, hatubishi. Lakini tumeshakunywea. Bia ikishapita kooni utairudisha vipi?"

"Basi huyu fundi viatu anyanyuke."

Ruppert alinyanyuka kweli, maskini, uso umemwiva. Vitus akamshika bega, akamkalisha. Alisema kiti hiki mtu hukiacha kwa kufa tu, na mambo ya huruma wakayafanyie kanisani.

Quirin akaenda kukaa na watalii. Nilidhani atakunywa kwa hasira na kuondoka. Wapi! Kikombe cha pili hakijaisha, alikuwa akiwafundisha Wakorea kumenya soseji nyeupe na kuwasimulia alivyolala kwa watawa, wao wanacheka mpaka wanashikana. Meza ya Alhamisi ilikuwa kimya. Miaka yote mazungumzo yao yalikuwa kumbishia Quirin, na sasa hawakuwa na wa kumbishia. Vitus akajaribu kumsifu marehemu, kwamba alikuwa na moyo mweupe.

"Sema tena," Quirin akadakia kutoka kule. "Nilipokuwa hai hukuwahi kusema."

Alhamisi iliyofuata mwenzao Wastl hakuja. Tukamlilia. Wiki moja baadaye akaingia na ua kwenye kofia, akapita moja kwa moja hadi meza ya watalii. Girgl, mwenzao mwingine, naye akafa hivyo hivyo. Mwisho Vitus, ambaye siku zote alisema makasri ni mambo ya watoto, akapotea bila salamu na kurudi na picha za kasri. Aliyemnywea Vitus ni Ruppert, peke yake.

Akabaki na meza ndefu, viti vitupu na ufunguo. Nilipompelekea bia alikuwa akiwatazama wale marehemu walivyobanana kwenye benchi lake la zamani.

"Dada Zenta," aliniambia, "nami nataka kufa."

"Basi Alhamisi ijayo usije. Kwani shida iko wapi?"

"Nani ataninywea? Hakuna aliyebaki."

Niliumia. Na hasira ilinipanda pia, kwa sababu maisha yangu yote ya kazi nimebeba vikombe vya meza ile, na sisi wahudumu haturuhusiwi kukaa pale hata kufunga kamba ya kiatu.

Alhamisi hiyo Ruppert hakuja. Soseji zilipopoa nilivuta kiti cha Vitus, nikakaa na aproni yangu. Vitus akafungua mdomo, Quirin akamkanyaga mguu. Nikasimama, nikasema maneno yote bila kuruka hata moja, nikanywa mpaka chini, nikapindua kikombe cha Ruppert. Machozi yalinitoka, na sikuigiza.

Wiki iliyofuata fundi viatu aliingia polepole, kofia mkononi. Quirin alikuwa ameshasogea kumwachia nafasi. Ruppert aligonga meza ya watalii kwa vifundo vya vidole, akangoja. Marehemu wote walimjibu, na watalii pia.