Kurekebisha Marekebisho

Kwa miaka kadhaa niliishi kwa raha ya kuandika Kiingereza mahakamani. Wadaiwa wa Mbozi na Momba walipokea hati zangu za madai, wakaangalia mihuri, wakazikunja. Hakuna aliyewahi kuniambia nimekosea, nami nikajihesabu miongoni mwa mawakili hodari wa Tunduma. Kisha sheria ikabadilika, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na watu wakaanza kusoma nilichoandika.

Shauri lililoniumbua lilikuwa la rehani. Mteja wangu, kampuni ndogo ya mikopo, alikuwa anamdai mama mmoja mkulima wa kahawa kutoka Isansa. Yeye na mumewe waliweka rehani shamba lao na nyumba ili wanunue mashine ya kumenya kahawa. Mume akafariki kabla mkopo haujalipwa nusu, marejesho yakakwama. Kazi yangu ilikuwa kuandika hati ya kuiomba mahakama iamuru deni lilipwe, la sivyo shamba liuzwe.

Sikuiandika. Nilifungua kwenye kompyuta hati ya shauri la zamani, la kampuni moja ya malori ya pale mpakani, nikabadilisha majina na tarehe, nikaenda kunywa chai.

Siku shauri lilipotajwa Vwawa, mama alikuja peke yake, amevaa koti zito la kiume juu ya kitenge, hati yangu ikiwa kwenye bahasha ya kaki. Hakimu, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, akamuuliza kama ameyaelewa madai.

"Nimeyasoma, Mheshimiwa. Deni nalijua, silikatai. Ila hapa wameandika mimi ni kampuni iliyosajiliwa, nasafirisha mizigo kwenda Zambia. Mimi hata baiskeli sina."

Kicheko kikapita kwenye mabenchi. Karani akaliinamia jalada kana kwamba kuna kitu kimemdondokea ndani. Nikasimama, nikaomba ruhusa ya kurekebisha hati, kwa sauti ya mtu aliyegundua hoja nzito ya kisheria. Hakimu akaruhusu. Sheria ni pole katika hilo: hati inaweza kurekebishwa ili mahakama iamue ugomvi wenyewe badala ya kuhangaika na makosa ya wakili. Nikapewa siku zangu za kurekebisha, mama akapewa zake za kujibu upya, na masika yote yakaishia hapo.

Ungedhani nilijifunza. Nilirudi ofisini, nikafuta usajili na mizigo ya Zambia kwenye maelezo ya mama, na kwa kuwa neno lililoniaibisha lilikuwa "kampuni", niliiagiza kompyuta iliondoe kila lilipo na kuweka "mjane". Nilitaka hakimu aone kwamba safari hii namjua ninayemshtaki. Nilichapa, nikasaini, nikawasilisha.

Tulipoitwa tena, mama alisimama na bahasha yake ileile.

"Mheshimiwa, kwangu mimi safari hii wamepatia. Ila sasa nadaiwa na mjane mwenzangu." Akasogeza karatasi mbali kidogo na macho, akasoma taratibu, kwa lafudhi ya Kinyiha iliyoyafanya maneno yangu yasikike wazi zaidi. "'Mdai ni mjane iliyosajiliwa kwa mujibu wa sheria, yenye ofisi Tunduma na matawi mawili.' Namhurumia, lakini simfahamu."

Hakimu alivua miwani. "Wakili, una la kusema?"

"Mheshimiwa, naomba ruhusa ya kurekebisha marekebisho."

"Kwa kosa la nani?"

"Langu, Mheshimiwa."

Aliruhusu, akaamuru nauli ya mama na chakula chake vitoke mfukoni mwangu, si kwa mteja. Jioni hiyo meneja wa kampuni alinipigia simu. Hakugomba. Aliuliza tu kampuni yake ilifiwa lini.

Hati ya tatu niliiandika kwa kalamu, kuanzia mstari wa kwanza. Nilikwenda hadi Isansa kuhakikisha mipaka ya shamba. Mama alinitembeza mwenyewe, akanionyesha mti hadi mti, kisha akanikaribisha viazi na chai. Kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye meza ndefu, na ile mashine ilikuwa ikinguruma nyuma ya nyumba. Nilikula viazi vya mtu ninayeomba shamba lake liuzwe, nikaomba kuongezewa chai.

Hati hiyo ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na hakuna aliyeisoma. Kabla ya tarehe yake, mama aliuza kahawa kupitia chama cha ushirika, akalipa malimbikizo yote, na kampuni ikakubali aendelee na mkopo kama zamani. Hakimu akasajili makubaliano, shauri likafungwa. Shamba likabaki kwake.

Kwenye korido mama alinivuta pembeni.

"Mwanangu, niambie kweli. Ulikuwa unakosea makusudi, nipate kufika msimu wa kahawa?"

Hadi leo naona haya kusema nilichofanya. Nilitazama chini na kutabasamu kidogo, kama mtu mwenye siri njema. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea baraka, akaondoka.

Wiki chache baadaye mwanamume mmoja alifika ofisini akitokea Ibaba. Naye alikuwa na shamba kwenye rehani na barua ya mahakama mkononi.

"Shikamoo wakili. Nimeambiwa wewe unajua kukosea," alisema. "Nataka kesi yangu ichelewe hadi mavuno."

Nilimweleza kwamba yale yalikuwa makosa ya kweli, ya uvivu, na kwamba kama mama yule angevuna mwezi mmoja baadaye, shamba lake lingekwenda. Nilimwambia pia kwamba anayeweza kulipa baadaye aseme hivyo mapema, kwa mdai na kwa hakimu. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akakunja barua yake, akanishukuru kwa kuwa mkweli, akaniuliza kama namfahamu wakili mwingine mzuri.

Nikamwelekeza ofisi ya jirani.