Mgonjwa wa Kuigiza na Mkwe Asiyeigizwa

Siku yangu ya kwanza ya mafunzo hospitalini, aliyelazwa kitandani nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetoka tu shule ya sekondari, mwoga wa watu. Mambo mengi niliyaandika kwenye daftari badala ya kuyasema. Mwalimu wetu wa mazoezi ya viungo kwa wagonjwa, mama mwenye viatu vya raba, alisema, "Kabla hujamshika mgonjwa wa kweli, utamshika mwenzako. Wewe mnyamavu, panda. Jana ulipasuliwa tumbo."

Nikapanda. Mwenzangu Tumaini akanikumbatisha mto ili kuulinda mshono, akaniambia nivute pumzi ndefu, nikohoe. Aliyepasuliwa asipokohoa, makohozi hutuama kifuani, nimonia ikamwingia.

"Kohoa kama mgonjwa," mwalimu akafoka, "si kama bibi harusi!"

Wakacheka wote. Kwenye daftari niliandika: *Leo nimejua mgonjwa huona dari na matundu ya pua za watu.*

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, vifaa haba. Mgonjwa wetu mwingine alikuwa gunia la majani makavu ya migomba, na ndugu wa mgonjwa, yule wa kumshika mgongo anapokohoa, alikuwa Tumaini siku zote.

Mwezi wangu wa tatu nikatumwa wodi ya wanaume peke yangu. Mzee mmoja wa Isongole, mkulima wa viazi, alikuwa amepasuliwa ngiri, na kifua kilishaanza kukoroma. Daktari alisema, "Asipokohoa leo, tutampoteza."

Nikafanya kama tulivyozoezwa. Mlangoni alisimama mwanamke kijana, kashika kikapu cha ndizi. Nikamwita, "Dada, njoo umshike baba mgongo."

Kikapu kikaanguka. Akajifunika kanga usoni, akakimbia. Mzee akageukia ukuta.

"Unamwita mke wa mwanangu anishike?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi ni mtoto wa Suma, kabila moja na mzee. Tangu utotoni nilijua kwetu mke wa mwana hamkaribii baba mkwe, hata kumtazama hamtazami. Ila gunia halikuwa na mkwe.

"Nisamehe, baba," nikasema. "Nitakushika mwenyewe. Hata mimi nilipasuliwa tumbo, kwa kuigiza."

Akauliza akiwa bado ameelekea ukutani, "Ukapona?"

"Nilipona. Ila mwalimu alisema nakohoa kama bibi harusi."

Mabega yakamtikisika. Nikawahi kumwekea mto. Kicheko kikageuka kikohozi, na makohozi yakatoka, mazito. Nje ya dirisha, mwanamke yule alikuwa amechuchumaa, katugeuzia mgongo.

"Amekohoa?" akanong'ona.

"Amekohoa."

"Ndaga," akasema. Asante. Akazunguka mlangoni, uso kafunika, kuokota ndizi zake.

Nilimweleza mwalimu nikijua nafukuzwa. Akasema, "Kesho kwenye mazoezi Tumaini atakuwa mkwe."

Nilifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, nikafundisha wengi, nikasahau majina yao. Juzi mume wangu alipasuliwa. Akaja binti mwanafunzi, sauti haisikiki vizuri, mto kifuani. Kabla hajamgusa alimgeukia mke wa mwanetu pale mlangoni.

"Dada, mgonjwa ni nani wako?"

"Baba mkwe."

"Basi kaa hapo nje, karibu na dirisha. Utamsikia akikohoa."

Nikatazama dari, machozi yasinitoke mbele ya mtoto wa watu.