Mipira Kumi na Miwili Juani

Shangazi yangu alikuwa mtu wa kuanika. Godoro, viatu, hata pasi yangu ya kusafiria ilipolowa, vyote juani. Tabia hiyo alitoka nayo Unguja akaja nayo Guangzhou, ambako mwezi wa sita mvua hunyesha wiki nzima na kuta hutoa jasho.

Mwaka ule nilipata oda yangu ya kwanza peke yangu: mipira kumi na miwili ya bolingi, ile mizito yenye matundu matatu ya vidole, ya bwana mmoja wa Dar aliyekuwa akifungua ukumbi wa mchezo huo. Shangazi alinambia waziwazi, "Hii yako, mie simo. Ikenda vyema, safari ijayo unajitegemea. Ikiharibika, unarudi kunibebea mizigo sokoni Zhanxi." Na mie nilikuwa nimeshachoka kubeba viatu vya jumla, wallahi.

Mama aliyeniuzia alinionya, nusu kwa mikono, nusu kwa Kichina changu cha sokoni: jua hapana, baridi kali hapana, na kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi ghafla ndiyo hapana kabisa. Funga blanketi, weka chini ya kitanda. Nikaitikia kila neno. Shangazi sikumwambia. Mipira si yake, nimwambie ya nini?

Jua lilipotoka, nikaenda mtaa wa maduka wa Yide Lu kutafuta madaftari. Narudi adhuhuri, chumba kitupu. Napanda juu ya paa: mipira yote imepangwa kwenye mkeka inang'aa, na shangazi kaketi pembeni na mwavuli wake, anailinda.

"Maboksi yamelowa chapachapa," akasema kwa furaha. "Nimekuokolea."

"Shangazi! Umeniua!"

Niligusa mmoja, unaunguza kama sufuria. Nikaishusha chumbani mmoja mmoja huku nanung'unika, nikafunga dirisha, nikawasha kiyoyozi mpaka mwisho ili ipoe upesi.

"Taratibu, mwanangu. Si uiache kivulini kwanza?"

Nikamjibu ovyo, jibu ambalo hadi leo naona haya kuliandika.

Hatujamaliza chai, tukasikia ta! Mpira mwekundu ulikuwa umepasuka, ufa kutoka tundu la gumba hadi chini. Nilijua palepale kuwa ni baridi yangu. Jua lake peke yake lisingeufanya vile.

Kontena lilikuwa linafungwa kesho yake, na rangi ile haikuwepo tena dukani. Ikabidi tumpigie simu mteja. Nilipoanza kubabaika, shangazi akaninyang'anya mkonga. Mwanamke huyu sijapata kumsikia akikubali kosa, hata la chumvi kuzidi kwenye mchuzi.

"Bwana, mpira mmoja nimeupasua mimi. Nimeuanika kwa ujinga wangu. Huyu binti aliuweka vizuri, hana kosa. Safari ijayo muagize yeye mwenyewe."

Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikanyamaza, na yule bwana akaniagiza.