Kisanduku cha Saa Saba Ijumaa

Mpaka leo sipendi kumwona mtu akichora visanduku na mishale kwenye karatasi. Najua nilichokifanya kwa kalamu ya namna hiyo, na sitajisingizia kwamba nilidanganywa. Niliambiwa mapema, tena kwa upole, nikapuuza.

Kampuni yetu ilisambaza mitungi ya oksijeni kwa hospitali chache na, zaidi, kwa wagonjwa waliouguzwa nyumbani. Ofisi na stoo vilikuwa nyuma ya Barabara ya Kirinyaga, katikati ya jiji, lakini wateja wengi walikuwa upande wa magharibi, Loresho na Kitisuru, kwenye nyumba zenye ua mrefu na mbwa wakali. Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu wa Loresho ambaye mapafu yake yalikuwa yamechoka kabisa. Alipelekewa mtungi Jumanne na mwingine Ijumaa. Ule wa Jumanne uliisha Ijumaa alasiri, na baada ya hapo hakuwa na akiba. Ofisini hilo lilijulikana na kila mtu, hata na dada aliyetupikia chai.

Mimi nilikuwa meneja wa shughuli, mgeni wa miezi mitatu, mwenye cheti kipya na kichwa kilichovimba. Mkurugenzi aliniita akasema amechoka kuongoza kampuni ambayo hajui kazi inapitaje ndani yake. Nikapewa wiki mbili za kukaa na kila mfanyakazi, niandike anachofanya, kisha nichore njia moja ya kazi, na njia hiyo ifungwe kwenye kompyuta ili asiwepo wa kuikwepa. Nilifurahi kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba.

Walioishika kazi yenyewe walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mama mmoja kutoka kwetu, magharibi mwa nchi, aliyepokea oda kwa simu na kupanga safari za lori. Wa pili alikuwa mzee wa Mombasa, mkaguzi wetu. Hakuna mtungi uliotoka kabla yeye hajasoma lebo, hajapima presha, hajagusa valvu kwa kidole na kugonga muhuri kwenye karatasi ya dereva. Meza zao zilitazamana. Walikuwa wamefanya kazi hivyo kwa miaka tisa, wakitaniana kuhusu ugali na wali.

Nilipomhoji mama yule, alinijibu kwa mkato. "Boss, andika tu vile iko kwa ile karatasi ya zamani."

"Nataka unachofanya wewe, si kilicho kwenye karatasi."

Akaangalia droo yake. "Basi Ijumaa uiangalie vizuri. Ijumaa iko na mambo yake."

Nilimuuliza mambo gani, akasema ni hivyo tu. Nilidhani anazungumzia foleni ya magari.

Mzee naye alinieleza kila hatua kwa utaratibu, kisha akaongeza, "Ijumaa saa sita na nusu naenda kuswali, mwanangu. Kurudi ni saa nane, na pengine na nusu juu, msikiti ukijaa."

Kwenye fomu yangu hapakuwa na mahali pa swala. Nikaandika "mapumziko ya mchana", kama nilivyowaandikia wengine wote, nikageuza ukurasa. Nakumbuka alivyoutazama mkono wangu ukiandika.

Nilichokuja kujua baadaye ni hiki. Kila Ijumaa kabla ya kuondoka, mzee aliuweka muhuri wake kwenye droo ya yule mama. Alikuwa amemfundisha ukaguzi wote, mtungi mmoja baada ya mwingine, mpaka akaridhika. Mitungi mipya ilifika kutoka kiwandani saa tano siku hiyo, mzee akamaliza ya hospitali tu kabla ya swala, na lori la magharibi lilipaswa kutoka saa saba, kabla barabara ya Waiyaki haijaziba. Mama ndiye aliyekagua na kugonga muhuri. Jumatano, alipokwenda ibada ya mchana ya kanisani kwao, mzee alimshikia simu. Hawakunieleza kwa sababu kanuni ya kampuni ilisema muhuri usitoke mkononi mwa mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuja na karatasi. Nani angejichongea?

Basi nikachora. Mchoro ulipendeza kweli, mkurugenzi akaubandika ukutani. Muhuri ulifutwa, mahali pake pakaja kimashine cha alama ya kidole, na kidole kilikuwa kimoja, cha mzee. Bila kidole hicho mlinzi wa geti asingepata namba ya kufungulia lori. Na ili mtu asije akauchezea mchoro wangu, niliweka kwamba badiliko lolote lazima lipate saini tatu, ya mwisho ikiwa ya mkurugenzi. Yote haya niliyabuni mimi. Nilipigiwa makofi.

Ijumaa ya kwanza, saa saba na robo, oda ya Loresho ilikuwa bado nyekundu kwenye skrini, yaani haijakaguliwa. Nilikuwa mkutanoni Westlands, nikaiona kwenye simu, nikasema moyoni kwamba watu bado wanajifunza. Niliporudi niliambiwa mwalimu amepata hewa yake. Sikuuliza imefikaje, na hapo ndipo ningepaswa kuanza kuogopa.

Jumatatu mitungi ilihesabiwa, mmoja haukuonekana. Mama alikuja mwenyewe mezani kwangu. Alikuwa ameukagua kama alivyofundishwa, akaupitisha mlango wa duka letu la mbele, usio na mlinzi, ambao tuliufunga kwa kufuli siku hiyo hiyo, akaupakia kwenye gari la mpwa wake na kuupeleka yeye mwenyewe.

"Ningengoja nini, kijana wangu?" akasema. Faraghani aliniita hivyo. "Huyo mwalimu anapumua kwa hiyo kitu."

Nilimwelewa. Naomba niaminiwe kwamba nilimwelewa palepale. Lakini kwenye mchoro kulikuwa na kisanduku cha mali kutolewa bila idhini, na mshale wake ulikwenda sehemu moja tu, kwenye barua ya kuachishwa kazi. Mkurugenzi, akiwa safarini, aliniambia kwa simu kwamba tukivunja utaratibu wiki ya kwanza hatuna utaratibu. Ningeweza kubisha. Niliona aibu kuvunja kitu changu mwenyewe mbele ya watu. Nikatia saini.

Alipanga vitu vyake kwenye kiondo, kikapu chake cha kusuka, akamwachia mzee kikombe chake. Mzee alimsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alikaa bila kunitazama. Nilimwendea nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kama Ijumaa ijayo angeweza kuswali pale pale ofisini.

"Ijumaa ni ya jamaa, mwanangu, haiswaliwi peke yako mezani," akasema. "Nilikwambia saa ninayotoka. Uliandika nini?"

Jioni hiyo hiyo nilijaza fomu ya kubadili mchoro, ili mtu wa pili aruhusiwe kukagua. Saini yangu ikaingia, ya mhasibu ikaingia. Ya tatu ilikuwa ya mkurugenzi, ambaye hakuwa anafungua barua pepe huko aliko. Kila siku nilimpigia. Jumatano akasema ataiangalia. Alhamisi simu haikushikwa. Usingizi ulinipaa.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na mawingu mazito juu ya mji. Mitungi ilichelewa kutoka kiwandani, ikafika saa sita na dakika ishirini. Mzee aliwahi kukagua miwili ya hospitali, iliyotangulia kwenye mchoro wangu, akatazama saa, akanawa mikono, akaondoka. Oda ya Loresho ikabaki nyekundu.

Saa saba nilishuka stoo mwenyewe. Nikasimama katikati ya mitungi, yote ya rangi moja, mingine mipya, mingine iliyorudi tupu au yenye hitilafu. Nilikuwa nimechora hatua za ukaguzi kumi na moja, na sikujua hata moja inafanywaje kwa mkono. Nikaushika mmoja, nikaugusa valvu kama nilivyomwona mzee, sikusikia kitu. Nikampigia mama. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Nikachagua mtungi ambao niliamini umejaa, nikamwambia dereva apakie. Tukafika getini. Mlinzi alikuwa mtu mwenye heshima sana.

"Boss, namba haijakuja."

"Fungua. Nitajibu mimi."

"Siwezi. Si ni wewe ulitufundisha? Ulisema hata ukuje wewe mwenyewe bila namba, nisifungue. Tulicheka hiyo siku." Akatazama chini. "Na yule mama alifutwa kazi juu ya hii hii maneno. Mimi niko na watoto, boss."

Nilimtukana. Nilikuja kumwomba msamaha baadaye, lakini nilimtukana, na geti halikufunguka. Mvua ikaanza.

Mzee alirudi saa nane na dakika arobaini, kanzu imelowa hadi magotini. Alikwenda moja kwa moja kwenye mitungi, akaukataa ule niliouchagua, akasema haukufika hata nusu. Akachukua mwingine, akaukagua, akaweka kidole. Skrini ikageuka rangi, namba ikaenda, geti likafunguka. Ilikuwa kana kwamba hakuna kilichowahi kuwa kigumu.

Nilikaa mbele ya skrini nikifuatilia lori. Lilikwama kwenye mzunguko wa barabara karibu na chuo, likakwama tena Westlands. Saa kumi na nusu mstari wa Loresho uligeuka kijani: oda imefikishwa, imepokelewa na mfanyakazi wa nyumbani. Nikashusha pumzi ndefu, nikafuta uso.

Simu ikalia baada ya dakika chache. Alikuwa binti wa mwalimu.

"Mtungi umefika," nikamwahi. "Pole sana kwa kuchelewa."

"Nimeambiwa," akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu kupita kiasi. "Sisi hatuko nyumbani. Hewa iliisha saa tisa, tukamtoa na gari ya jirani tumpeleke hospitali. Tukakwama Westlands kwa hiyo mvua. Lori yenu tuliiona ng'ambo, ikipanda. Baba hakufika."

Nilisema nilichosema, sikumbuki. Alingoja nimalize.

"Mtakuja kuchukua mitungi yenu, haina haraka. Lakini kwanza naomba nipatie yule mama aliyetuletea mwenyewe Ijumaa ile ingine. Baba alikuwa anataka kumshukuru. Alikuwa ananikumbusha kila siku."

Niliitazama meza iliyokuwa mbele ya mzee, na kikombe kilichofunikwa juu yake. Mzee alikuwa ameacha kuandika, ananisikiliza.

Nikamwambia ametoka kidogo.