Mama Chini ya Pembea

Harufu ya dizeli ilitangulia, muziki ukafuata. Desemba ile upepo wa jioni uliovuka kutoka upande wa Kenya haukutuletea vumbi la malori peke yake, kama ulivyozoea. Ulileta pia moshi wa jenereta kubwa iliyokuwa ikinguruma kwenye uwanja mtupu nyuma ya soko, upande wetu wa Busia ya Uganda, mahali ambapo miezi mingine wanawake walianika mihogo na mtama. Mama yangu aliuza samaki waliokaushwa kwa moshi kutoka Majanji kule ziwani, na harufu yao ilikuwa ndani ya nguo zetu, ndani ya madaftari yetu, hata ndani ya chai, kwa hiyo harufu yoyote ngeni tuliitambua upesi. Tulitoka mbio kwenda kuangalia. Tukakuta wanaume wamesimamisha mlingoti wa chuma uliozidi paa lolote la mtaani kwa urefu, juu yake gurudumu limelala kama mwavuli, na kwenye gurudumu hilo vinaning'inia viti kwa minyororo. Wenyewe waliiita pembea. Sisi watoto tuliiita ndege.

Mwenye pembea alikuwa mwanamume mnene, mpole, aliyezungumza Kiswahili kilichonyooka cha ng'ambo, ambacho sisi wa upande huu, tuliozoea kuyakata maneno na kuyachanganya na Kisamia na Kidhopadhola, tulikisikiliza kama tunavyosikiliza redio. Watu walimwita Bosi. Aliwasalimu wazee kwa mikono miwili, na Jumapili aliwaruhusu watoto wa maskini wazunguke bure. Ninalisema hili mapema kwa sababu kila ninaposimulia habari hii watu hutaka awe na pembe kichwani. Hakuwa nazo. Kosa lake ni kwamba aliusikiliza umati. Pembea ilianza taratibu, viti vikipita usawa wa kifua cha mtu mzima, kisha vikatanuka na kupanda hadi miguu ya waliokaa ikapita juu ya vichwa vyetu. Hapo watu walianza kudai kwa neno moja: "Ongeza! Ongeza!" Fundi wa mtambo alimtazama Bosi, Bosi akaitikia kwa kichwa, na mashine ikaongezewa kasi. Kadiri wasichana walivyopiga mayowe, ndivyo uwanja ulivyochangamka. Baba yangu, ambaye alivusha mizigo mpakani kwa baiskeli na kuokota methali kwa wafanyabiashara wa huko, alipenda kusema kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Aliisema juu ya mambo mengi, lakini hata yeye hakuikumbuka pale.

Dada yangu Athieno alikuwa amemaliza mtihani wa darasa la saba. Jina lake, kwa lugha ya Baba, ni la msichana aliyezaliwa usiku, lakini hakukuwa na mtu wa mchana kama yeye. Aliweza kuwaigiza wateja wote wa Mama, yule anayebonyeza samaki kwa kidole gumba na kukunja pua, yule anayeulizia habari za ukoo mzima kabla ya kununua, na kila mara alianza kucheka mwenyewe kabla sisi hatujaona cha kuchekesha. Wiki nzima aliomba kupanda ndege, na wiki nzima Mama alikataa. Chuma hakina huruma, alisema, na mtoto wa watu si kitambaa cha kupeperushwa. Jumamosi iliyotangulia Krismasi, baada ya Athieno kumsaidia tangu alfajiri bila kunung'unika, Mama alifuta mikono kwenye kanga na kumwambia, "Haya, nenda. Zunguka mara moja, urudi tumalize hawa samaki." Mimi nilikuwa mdogo mno kupanda. Nilikwenda naye kumshikia kandambili, kwa maana zilikuwa mpya na aliogopa zingeruka angani zikapotea.

Nilimwona akipita mara nyingi. Kila alipopita aliniita jina, na kila mara sauti yake ilikuja na kuondoka kwa haraka zaidi. Watu wakadai kasi, wakaongezewa. Kisha kikasikika kishindo kidogo, kama mtu aliyevunja ukuni kwa goti, na kiti kimoja kikawa hakipo. Mnyororo mmoja ulikatika, wa pili ukashika kidogo ukimzungusha upande upande, nao ukaachia. Athieno aliruka juu ya watu akaangukia msingi wa mawe wa choo cha soko. Mimi sikulia. Nilisimama na kandambili zake, nikitazama juu, kwa sababu pembea ilikuwa bado inazunguka. Haikuwa na breki ya kuisimamisha ghafla. Waliokuwa vitini waliendelea kupita juu yetu wakipiga mayowe, na wale waliokuwa nyuma kabisa ya uwanja, ambao hawakuona kitu, walishangilia mayowe hayo. Walidhani ni ya furaha. Mtu mmoja akaitikia kwa ule wimbo wao, "Ongeza!" na wengine wakaupokea.

Habari ilipowafikia, walikuja kuangalia. Walimzunguka dada yangu kwa duara kamili, kama wanavyowazunguka watu wa maigizo. Mwanamume mmoja mwenye muhogo mkononi alitafuna, akameza, akasema aliye juu mngoje chini, na watu wakacheka. Sikuwahi kuisikia methali hiyo kabla ya siku ile. Wengine walimwendea Bosi kumwuliza kama tiketi zao zingefanya kazi jioni au wangoje kesho. Mama alifika akiwa na kisu cha samaki mkononi, hakujua kwamba amekibeba. Aliwapasua watu kwa mabega, akapiga magoti, akamwita mwanawe kwa Kisamia, polepole, kama anayemwamsha aende shule.

Baba aliletwa kutoka mpakani. Gari halikupatikana, malori yalikuwa yamefunga barabara, na mwenye pikapu iliyokuwa pale alisema viti vyake ni vipya. Kwa hiyo Baba alimweka Athieno kwenye baiskeli yake, Mama akakaa nyuma akimkumbatia, na Baba akawafunga wote wawili kwa ile mipira aliyofungia magunia ya mahindi. Akasukuma akikimbia. Mimi nilikimbia nyuma yao. Njiani watu walitupisha huku wakiuliza ni mzigo gani. Kabla hatujafika kituo cha afya Mama alisema, "Baba Athieno, punguza mwendo. Hakuna haraka tena." Baba hakupunguza. Alikimbia hadi mlangoni.

Tulimzika Petta, nyumbani kwa Baba, pembeni mwa shamba la mtama uliokwisha kuvunwa. Bosi alikuja na magunia ya sukari na unga, akavua kofia, akalia machozi ya kweli. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akamshukuru kwa moyo wake, akasema Mungu hapangiwi, na kwamba mfiwa asiyesamehe hujizika pamoja na maiti wake. Walokole waliimba. Bosi alikula pamoja na waombolezaji, akawaaga wote, na kwa Mama akainama sana. Mama hakumkataza. Nilidhani amesamehe. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, lakini pale Petta wa mbali walilia wakashiba, na mfiwa alikaa kimya kwenye mkeka, macho makavu.

Matanga yalipoanuliwa tulirudi Busia. Tukiwa bado barabarani, na virago vyetu kichwani, tukasikia muziki. Pembea ilikuwa inazunguka. Baadaye majirani walituambia kwamba haikusimama hata jioni ile ya ajali: walimwaga mchanga penye damu, wakaondoa kile kiti cha upande wa pili kilichobaki bila mwenzake ili mashine isiyumbe, na foleni ikawa ndefu kuliko siku zote, kwa sababu kila mtu alitaka kuzunguka pale msichana alipoanguka. Mama alitua mzigo wake chini. Hakwenda nyumbani. Alingoja mzunguko uishe, akapita chini ya kamba iliyozuia watu, akasimama mahali viti vinapopita.

Mwanzoni walimwomba kwa upole. Bosi mwenyewe alimjia akasema, "Mama Athieno, mimi na wewe tulilia pamoja. Nisaidie, watu wanasubiri." Mama alimjibu kwa sauti ile ile aliyotumia sokoni kutaja bei. "Waache wapande. Mimi siwazuii. Mashine ikinigonga, wao wenyewe watajua wamegonga nini."

Umati ulichoka. Mwanamke mmoja tuliyemjua, mteja wa siku nyingi, alimwambia, "Mama, mtoto yako imekwisha zikwa. Sasa acha ya wengine ifurahi." Mtu akatupa gunzi la muhindi, likampiga mgongoni, watu wakacheka, magunzi mengine yakafuata. Bosi aliiangalia foleni. Halafu akaitikia kwa kichwa, na fundi akawasha mtambo.

Viti vilianza kwa mwendo wa chini. Kiti cha kwanza kilimpiga Mama begani akaanguka. Akainuka, akasimama palepale. Cha pili kilikuwa na mtoto wa kiume, na magoti yake yakamgonga Mama usoni. Damu ilitoka puani. Watu walicheka tena, lakini mtoto yule hakucheka. Alimwona Mama kwa karibu kama ninavyoona karatasi hii, na alipozunguka akamwona tena, amesimama, anamtazama. Alianza kulia kwamba anataka kushuka. Aliyekuwa nyuma yake akalia pia. Fundi akazima mtambo bila kungoja kichwa cha mtu. Watoto walishuka, na wale waliokuwa kwenye foleni wakakataa kupanda, hata walipovutwa mikono na wazazi wao. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekataa siku ile. Ni watoto tu.

Kesho yake Mama alirudi, na kesho kutwa. Bosi akang'oa mlingoti wake, akaupakia, akahamia Tororo, akaukita mahali ambapo ule mlima wa jiwe wa Tororo unaonekana wote. Mama akamfuata. Kule hakuna aliyemjua. Walinzi wa uwanja walimbeba mikono na miguu wakamtupa nje ya uzio, na vijana wakambandika jina la mwendawazimu. Hapo akabadilisha njia. Alisimama nje ya mlango na kila mzazi aliyekuja na mtoto alimwambia habari moja ya Athieno, fupi, bila kulia: kwamba aliigiza watu vizuri, kwamba hakupenda mifupa ya samaki, kwamba alianguka kutoka kwenye kile chuma kule. Baadhi yao waligeuka wakarudi nyumbani. Wengi waliingia. Baba alikwenda kumchukua, na njia nzima alikuwa amepanga maneno. Alinieleza mwenyewe nilipokuwa mtu mzima: alitaka kumwambia kwamba yeye amezika mmoja na hana nguvu za kuzika wawili. Alipofika alimkuta mwanamume mmoja akimwambia Mama kwamba binti yake alikuwa na haraka ya kufa, asiwaharibie watu sikukuu. Mama alimgeukia mzazi aliyefuata. Baba aliyameza maneno yake, akaegesha baiskeli, akasimama upande wa pili wa mlango. Walisimama hivyo hadi mvua za Machi zilipougeuza uwanja kuwa tope na Bosi akaondoka na mitambo yake kwenda tusikokujua. Hakushtakiwa. Nasikia alistaafu salama.

Sasa nina watoto wangu, tunaishi karibu na Busitema, na Mama, ambaye magoti yamemchoka kwa kusimama, yuko Busia kwa kaka yangu. Uwanja ule umejengwa maghala. Pembea za siku hizi zina taa, mikanda, na mtu wa sare mlangoni, na huenda kweli ni salama kuliko ile. Kilichozidi ni umati. Wakati ule mtu alilazimika kufika uwanjani ili amcheke aliyeanguka, na aliyemcheka alijulikana nyumba yake. Wiki iliyopita mwanangu mkubwa alinionyesha kwenye simu mashine ya mji fulani ikikatika na watu wakimwagika, na chini yake maelfu ya watu wasiojuana wamecheka. Wengine waliomba irudishwe polepole, waone vizuri. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema Waswahili, lakini methali haisemi wasiokuwa wazazi wafanye nini na macho yao.

Nilimwambia aifute. Akaniuliza kwa nini, kwa kuwa hatuwajui. Sikukuu hii pembea imekuja tena karibu na kwetu, na wenzake wote wa shule wamepanda. Amenisihi, amelia, na jana aliniambia mbele ya wageni kwamba mimi ni mama mkatili kuliko wote. Wageni walinitazama wakingoja nimkanye. Sikumkanya. Nilimwekea chakula, akakataa kula, akaenda kulala akiwa amenuna, na mara kadhaa nilikwenda mlangoni kumsikiliza akipumua.